Mali Ipo Geita, Mwenyewe Yuko Mbali

Nilipoondoka Geita kwenda Maskati kufanya kazi ya ukarani wa bohari, nilimwachia kaka yangu mkubwa karatasi yenye mstari mmoja na nusu, iliyoandikwa kwa mkono juu ya meza ya duka la kuchapia barua, kwamba mimi, fulani bin fulani, namruhusu ndugu yangu kushughulikia mambo yangu yote kwa namna atakayoona inafaa. Mwenyekiti wa mtaa aligonga mhuri wake, mashahidi wawili wakatia sahihi, tukanywa chai, nami nikapanda gari la Mwanza na moyo mkunjufu kama mtu aliyekwisha kufunga mlango wake na kuuweka ufunguo mahali pa salama. Mwaka wa tatu mama yetu aliugua. Fedha za matibabu zilihitajika nyingi na kwa haraka. Simu yangu, kwa kuwa nilikuwa nimebadili namba, haikupatikana kwa siku nne. Na kaka, akiwa na karatasi mkononi na mgonjwa kitandani, akauza kiwanja changu cha Nyankumbu, nilichokinunua wakati mkoa wetu ulipokuwa ukiundwa mwaka 2012, kwa bei ile ambayo mtu mwenye haraka huuzia. Mama alipona. Kiwanja hakikurudi, na mimi na kaka yangu hatukusemezana kwa muda wa miaka mitano, ingawa hapakuwa na mwizi baina yetu.

Nasimulia jambo hili si kwa nia ya kumshitaki kaka, ambaye kwa karatasi niliyompa alikuwa na haki ya kutenda alivyotenda, bali kwa sababu tangu niliporejea nimeulizwa mara nyingi na vijana wanaojiandaa kwenda Uarabuni, Uchina, Afrika Kusini na Ulaya namna ya kuyaacha mambo yao nyumbani, na karibu wote huuliza ni nani wa kumwamini, ilhali swali lenye faida kubwa zaidi ni jambo gani la kumkabidhi huyo wanayemwamini. Uaminifu wa kaka yangu haukupungua hata siku moja. Kilichokosekana ni mipaka. Karatasi ile ilimpa uwezo wote na haikumpa mwongozo wowote, na mtu aliyepewa uwezo wote bila mwongozo hulaumiwa akitenda, na hulaumiwa pia asipotenda.

Wazee wetu wa Usukuma walilifahamu hilo kabla hatujamjua wakili wala mhuri. Mtu mwenye ng'ombe wengi alikuwa na ada ya kumkabidhi baadhi jirani au shemeji wa kijiji kingine, ili maradhi au ukame usije ukalimaliza zizi lote kwa mara moja. Aliyekabidhiwa alikunywa maziwa na kutumia samadi, lakini ng'ombe na ndama walibaki milki ya mwenyewe, na kila upande ulijua kipi chake na kipi si chake. Hapana mzee aliyemwambia shemeji yake, twaa ng'ombe hawa uwafanye uonavyo. Wajukuu wao ndio tuliojifunza kuandika, na tulipojifunza tukaandika maneno ambayo babu asingeyasema.

Hati ya uwakala, ambayo wengine huiita hati ya kiwakili, haina siri kubwa ndani yake. Sheria ya Mikataba ya Tanzania Bara, Sura ya 345, inamruhusu mtu mzima mwenye akili timamu kumteua mwingine atende kwa niaba yake, na alitendalo wakala kwa mujibu wa idhini yake humfunga mwenye mali kana kwamba amelitenda kwa mkono wake mwenyewe. Fikihi ya Kiislamu nayo ina mlango mzima juu ya wakala, na aliyesoma madrasa atakumbuka kwamba wakala hushika amana, wala hashiki milki. Sheria ya Mikataba inamtaka pia wakala atoe hesabu kila anapotakiwa. Haimruhusu kuikaimisha kazi aliyopewa kwa mtu mwingine pasipo idhini au desturi ya kazi hiyo. Na akiifanya biashara ya mwenye mali kwa faida ya nafsi yake kwa siri, mwenye mali ana haki ya kuikataa. Hizo ni ngao nzuri, lakini ngao hizo hutumika mahakamani, nami nina hakika kwamba msomaji wangu hapendi kumwona ndugu yake huko.

Kwa hiyo rai yangu ya kwanza, ambayo mawakili wengine wataiona kuwa ni ya ukali, ni kwamba mtu wa kawaida mwenye nyumba moja, kiwanja kimoja na akaunti moja ya benki asitoe kamwe hati ya jumla. Atoe hati maalumu, ya jambo moja au mambo mawili yaliyotajwa kwa majina, na likizuka la tatu aandike nyingine. Gharama yake ni nauli ya kwenda ubalozini na ada kidogo. Hati ya jumla humfaa mfanyabiashara mwenye shughuli nyingi zisizoweza kuhesabiwa kabla, tena aliyezoea kudai hesabu kila mwezi. Kwa sisi wengine ni uvivu tu uliovikwa kanzu ya imani.

Katika kuiandika, majina yako na ya wakala yaandikwe kama yalivyo katika pasipoti na kitambulisho cha taifa, herufi kwa herufi, kwa maana Msukuma aliyeandikishwa shuleni kwa jina la baba, kanisani kwa jina la ubatizo na kwenye hati ya kiwanja kwa jina la babu, aweza kujikuta watu watatu mbele ya karani mmoja. Mali itajwe kwa namba ya kiwanja, kitalu, mtaa na namba ya hati, na kama haijapimwa, kwa mipaka yake na majirani wa pande nne. Kisha vitenzi. Hapa ndipo palipo na uhai wa hati, na hapa ndipo watu wengi hupita mbio. Kulipa kodi ya pango la ardhi ni jambo moja. Kupangisha ni jambo jingine. Kupokea fedha ni jingine. Kuuza, kuweka rehani na kufungua shauri ni mambo mengine kabisa, na kila moja liandikwe kwa jina lake au liachwe nje kwa makusudi. Neno "kusimamia" peke yake msilitumie. Nimeona mtu akidai kwamba kusimamia nyumba ni pamoja na kuiuza inapochakaa, na mwingine, kwa insafu ileile, akikataa kutengeneza paa kwa hoja kwamba aliambiwa asimamie, wala hakuambiwa atumie.

Fedha zielekezwe. Ikiwa wakala atapokea kodi ya wapangaji, hati iseme kwamba iingie katika akaunti yenye jina lako, na ni kiasi gani awezacho kukitoa kwa matengenezo pasipo kukuuliza. Itaje pia ujira wake. Katika nchi yetu kumlipa ndugu huonekana kama kumtusi, na kwa sababu hiyo ndugu hujilipa mwenyewe, kidogo kidogo, kwa aibu, mpaka kidogo kinakuwa kingi na aibu inakuwa ghadhabu. Sehemu ya kumi ya kodi iliyoandikwa wazi ina heshima kuliko posho inayotafutwa gizani.

Ikiwa ni lazima kumpa uwezo wa kuuza, usiandike bei kwa tarakimu, hasa katika mji kama Geita. Ardhi yetu haikai mahali pamoja: mgodi mkubwa ulipoanza kuzalisha mwaka 2000 ilipanda, mkoa ulipoundwa mwaka 2012 ikapanda tena, soko la dhahabu likafunguliwa Machi 2019, na daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilometa 3, likatuondolea foleni ya kivuko mwaka 2025. Bei uliyoiona kubwa siku ya kuondoka yaweza kuwa bei ya dhihaka baada ya miaka minne, ilhali wakala atakuwa ameitii hati yako barabara. Andika badala yake kwamba mauzo yasipungue thamani iliyokadiriwa na mthamini aliyesajiliwa ndani ya miezi sita, na kwamba wewe uikubali bei hiyo kwa maandishi kabla ya kutiwa sahihi. Wala wakala asimuuzie mkewe, mwanawe au nafsi yake mwenyewe. Na kama una mwenzi wa ndoa, kumbuka kwamba kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakataza nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa yake, na uwakala hauiondoi ridhaa hiyo.

Nafika sasa kwenye jambo lililo mahsusi kwetu sisi wa ukanda wa dhahabu. Wako vijana wa Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na Kakola ambao wamekwenda mbali huku wakiacha leseni ya uchimbaji mdogo yenye majina yao, na wako wengine wengi zaidi wasio na leseni lakini wana hisa katika duara, lile shimo la kuchimbia dhahabu, yaani wametoa fedha za magogo, kamba na chakula cha wachimbaji ili wapate mifuko yao siku mawe yatakapotoka. Hawa wawili hali zao si moja, wala hati zao zisiwe moja.

Mwenye leseni ana haki iliyoandikwa katika daftari la Tume ya Madini. Leseni hiyo, kwa Sheria ya Madini, ni ya raia wa Tanzania, hudumu miaka 7, na ina ada yake ya kila mwaka. Ada isipolipwa hutolewa hati ya makosa, na isipojibiwa kwa wakati leseni hufutwa, na eneo likifutwa Ijumaa huwa na mwombaji mwingine Jumatatu. Kwa hiyo wakala wa leseni apewe waziwazi uwezo wa kulipa ada, kupokea na kujibu barua za Tume, kupeleka taarifa za uzalishaji na kuomba kuhuisha leseni kabla ya muda kwisha. Asipewe uwezo wa kuihamisha. Wala asipewe uwezo wa kuingia mkataba na mwenye mitambo kutoka nje bila wewe kuusoma mkataba wenyewe, kwa kuwa mgeni haruhusiwi kumiliki leseni hiyo, na hati pana ya uwakala iliyotolewa kwa mlango wa nyuma ndiyo njia nyepesi ya kuifanya milki yako ibaki jina tu. Nawe mwenyewe ukichukua uraia wa nchi nyingine, sheria yetu ya uraia haitambui uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima. Ukiacha kuwa Mtanzania, sifa yako ya kuwa na leseni hiyo imekwenda, na hakuna hati ya uwakala iwezayo kukurudishia, kwa sababu wakala hafanyi lile ambalo mwenyewe hana haki ya kulifanya.

Mwenye hisa katika duara yuko pabaya zaidi, maana haki yake iko katika daftari la msimamizi wa duara na katika kumbukumbu za waliokuwapo siku ya makubaliano. Huyu, kabla ya hati ya uwakala, aandike mkataba na mwenye duara, ukitaja ametoa nini na atapata mifuko mingapi katika mingapi, na mwenye leseni atie sahihi kuwa shahidi. Baada ya hapo ampe wakala uwezo wa kuhudhuria mgao, kuhesabu mifuko, kuipeleka kwenye karasha ya kusaga mawe na kuuza dhahabu katika soko la madini kwa stakabadhi. Stakabadhi ya soko huonyesha uzito, bei na mrabaha wa asilimia 6 uliokatwa. Dhahabu iliyouzwa uchochoroni haina karatasi, na pasipo karatasi wewe uliye Dubai huna la kuuliza.

Wapo pia wafadhili wa madini, waitwao sponsa, na wakopeshaji wa mjini, ambao kabla ya kutoa fedha humtaka mtu atie sahihi hati ya uwakala yenye maneno kwamba haiwezi kutenguliwa. Maneno hayo si pambo. Sheria ya Mikataba huzuia kutengua uwakala ambao wakala mwenyewe ana maslahi katika mali inayohusika, hivi kwamba hati hiyo huwa ni rehani iliyojificha, tena rehani isiyo na ulinzi ambao sheria ya ardhi humpa mweka rehani wa kawaida. Ukiletewa karatasi ya namna hiyo, nenda kwa wakili wako, si wa mkopeshaji.

Namna ya kutia sahihi ni habari fupi. Ukiwa bado nyumbani, tia sahihi mbele ya wakili aliye mthibitishaji wa hati na kamishna wa viapo. Mhuri wa mwenyekiti wa mtaa ni mzuri kwa kuthibitisha makazi, lakini kwa hati hii hautoshi. Ukiwa umekwisha kuondoka, nenda katika ubalozi wa Tanzania, uwe Maskati, Riyadh, London, Washington, Beijing au Pretoria, au ubalozi mdogo kama ule wa Dubai, ukiwa na pasipoti, picha, na hati yenyewe ambayo hujaitia sahihi, kwani sahihi yapasa kushuhudiwa ikitiwa. Aliye mbali na ubalozi humwendea mthibitishaji wa nchi aliyomo, kisha sahihi ya mthibitishaji huyo ikathibitishwa na mamlaka za nchi hiyo, na mwisho ubalozi wetu ukaithibitisha mamlaka ile. Mlolongo mrefu, wenye kuchosha, na usiokatizwa. Iandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, na ikiandikwa kwa Kiarabu au Kichina iambatane na tafsiri iliyothibitishwa. Tia sahihi nakala tatu halisi, kwa maana ya kwanza itabaki kwa msajili, ya pili wakala ataishika, na ya tatu itapotea.

Hati ikifika Tanzania haijawa tayari. Ilipiwe ushuru wa stempu upesi, kwani hati isiyolipiwa haipokelewi kuwa ushahidi. Ikiwa inahusu ardhi iliyosajiliwa, ipelekwe kwa Msajili wa Hati, kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, ama sivyo waraka utakaosainiwa na wakala kwa niaba yako hautasajiliwa. Tangu ofisi za ardhi za mikoa zilipofunguliwa mwaka 2020 hatulazimiki tena kwenda Mwanza kwa ajili hiyo. Ikiwa ni ardhi ya kijiji, kama ilivyo sehemu kubwa ya Nyang'hwale, Mbogwe na Bukombe, ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji na isomwe mbele ya halmashauri ya kijiji, iandikwe katika kumbukumbu za kikao, kwa maana huko uuzaji hupita katika halmashauri hiyo, na wajumbe wakikwisha kusikia mipaka ya uwakala kwa masikio yao hawatadanganyika kwa urahisi. Benki nayo ina fomu zake. Iulize mapema, kwa kuwa nyingi haziridhiki na hati yako hata iwe na mihuri saba.

Kuna mambo ambayo uwakala hauyafikii kabisa. Alama za vidole hazikaimishwi, iwe kwa kitambulisho cha taifa au kwa usajili wa laini ya simu; yafanye kabla ya safari. Wasia haukaimishwi. Na msimwachie mtu laini ya simu pamoja na namba ya siri, desturi iliyoenea mno siku hizi, ambayo kwa hakika ni hati ya jumla isiyo na maandishi, isiyo na shahidi, na isiyo na mwisho. Mengine hayahitaji wakala hata kidogo: kodi ya jengo tangu mwaka 2021 hukatwa katika umeme wa LUKU, na pango la ardhi hulipwa kwa namba ya malipo popote ulipo, hivyo usimsumbue ndugu kwa lile liwezalo kufanywa na kidole chako.

Zaidi ya yote, uwakala hukoma anapokufa aliyeutoa au anapopotewa na akili. Wengi hawaliamini hili mpaka msiba uwafike. Mtu akifariki Maskati asubuhi, wakala wake Geita aliyejua habari ya kifo hicho hana tena mkono wa kuuzia wala wa kupangishia. Mali imekuwa mirathi, na anayeigusa ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo kwa watu wetu. Aliye hai naye, mwenye shauri la ardhi nyumbani, afahamu kwamba Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inamruhusu mwenye hati ya uwakala kuhudhuria kwa niaba ya mtu asiyekaa katika mipaka ya mahakama, lakini haki inayodaiwa ni yake mwenye mali, na shauri lionyeshe hivyo tangu ukurasa wa kwanza.

Kuhusu kutengua, utengue kwa maandishi, umjulishe wakala, umjulishe msajili, benki, mtendaji na wapangaji, na urudishiwe nakala. Mtu aliyeshughulika na wakala wako kwa nia njema kabla hajapata habari hulindwa na sheria, na hasara ni yako. Ndiyo maana hati iwe na tarehe ya kufa kwake yenyewe: mwaka mmoja, au miwili, na kama mnapatana iandikwe upya.

Hati yangu ya sasa ina kurasa mbili, inahusu nyumba moja ya Kalangalala niliyoijenga baadaye, na itakwisha Desemba. Wakala ni kaka yuleyule. Nilipompelekea rasimu aisome, aliirudisha na ombi moja, kwamba kiongezwe kifungu kinachomkataza kumkopesha ndugu yeyote fedha za kodi, hata kwa matibabu, bila idhini yangu ya maandishi, ili jamaa wakija kwake usiku awe na karatasi ya kuwaonyesha. Nilikiongeza, na kando yake nikaandika namba zangu mbili za simu na ya jirani yangu.